Unakuwa Mtu Tena Saa Ngapi?

Mama mdogo wangu figo zake zimeshindwa kazi, na husafishwa damu kwa mashine Moshi mjini, Jumanne na Ijumaa. Daktari aliandika mara tatu kwa wiki. Mfuko wa ukoo ukaandika mara mbili. Siku moja mwaka jana alikuja kijana wa utafiti, mpole, kitambulisho kinaning'inia shingoni, akavuta kiti pembeni ya mashine na kukaa naye karibu nusu saa. Akamuuliza umri, kabila, dini, darasa aliloishia, choo cha nyumbani ni cha shimo au cha kuvuta. Yaliyobaki akayachukua kwenye faili: wingi wa damu, fosfeti, kalsiamu, kreatinini, presha, uzito wa kuingia na wa kutoka. Akashukuru, akaondoka. Mama mdogo akanigeukia: "Huyu mtoto ameniuliza hadi choo. Hajaniuliza nikitoka hapa nakuwa mtu tena saa ngapi."

Kwake yeye "kuwa mtu" si fumbo. Ni kusimama jikoni kwake Kiboroloni na kukoroga sufuria ya mtori bila kushika ukuta. (Mtori wenyewe haonji zaidi ya kijiko, ndizi zina potasiamu nyingi na figo zake haziwezi tena kuitoa. Anawapikia wajukuu.) Akitolewa mashineni saa saba mchana hulala hadi magharibi, huamka na kichwa kizito, na utu wake humrudia kesho yake kama saa nne asubuhi. Kwa hiyo katika siku zake saba, mbili ni za mashine na nyingine mbili huanza zikiwa zimeshaliwa robo.

Simlaumu kijana. Maswali hakuyatunga yeye. Tatizo liko juu zaidi, wala si la Moshi peke yake: kwa miaka mingi wanaotafiti usafishaji wa damu duniani kila mmoja amekuwa akipima anachokijua mwenyewe. Mpango unaoitwa Standardised Outcomes in Nephrology, kifupi SONG, wa kutafuta vipimo vya pamoja kwa tafiti za figo, ulioanzishwa 2014 na kuratibiwa kutoka Chuo Kikuu cha Sydney, ulikusanya tafiti za majaribio 362 za watu wazima wanaosafishwa kwa mashine na kuhesabu kila kilichopimwa ndani yake. Vilipatikana vipimo 10,713. Hata vilipopangwa kwa mafungu ya mambo yanayofanana, mafungu yalikuwa 81. Lililoongoza ni fosfeti, namba ya maabara ya damu. Kifo, ambacho ungedhani ndicho cha kwanza kuulizwa, kiliripotiwa katika takriban utafiti mmoja kati ya mitano.

Nenda soko la Mbuyuni uulize bei ya maharage. Huyu anapima kwa sado, yule kwa kilo, wa tatu ana kopo lake lililobonyea. Utarudi nyumbani na bei tatu zisizolinganishika. Tafiti nazo ni hivyo hivyo: kumi zinaweza kujaribu dawa moja, na bado usiweze kuzijumlisha upate jibu moja, kwa sababu kila mmoja alikuja na kopo lake. Na anayejichagulia kipimo hachagui kinachompunja. Mkulima yeyote aliyeuza vitunguu kwa lumbesa anajua hilo bila kusoma takwimu.

Mtetezi wa fosfeti atasema namba za maabara ni ishara: ishara ikinyooka, mgonjwa naye atanyooka. Ingekuwa kweli tungelala usingizi. Mwaka 1998 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa Marekani wa watu 1,233 wanaosafishwa damu, wote wakiwa na ugonjwa wa moyo. Kundi moja lilipandishwa damu kwa dawa ya epoetini hadi kukaribia kiwango cha mtu asiyeumwa. La pili likaachwa kwenye kiwango cha chini kilichozoeleka. Namba ilipanda vizuri, kama ilivyokusudiwa. Utafiti ukasimamishwa kabla ya wakati, kwa sababu vifo na mshtuko wa moyo vilielekea kuwa vingi zaidi upande wa waliopandishwa, na njia zao za damu, zile za kuunganishia mashine, ziliziba mara nyingi zaidi. Mwaka 2002 ukaja utafiti wa HEMO, wagonjwa 1,846. Huo uliuliza kama kusafisha zaidi ya kawaida, kwa kipimo kinachoandikwa Kt/V, kunarefusha maisha. Kt/V ilipanda. Maisha hayakurefuka kwa kiasi cha kuonekana.

Hii haina maana ya kuacha kupima fosfeti. Daktari anaihitaji Jumatatu asubuhi ajue aongeze dawa gani. Lakini kipimo cha kuendeshea tiba ni kimoja, na kipimo cha kuhukumia kama tiba imemfaa mtu ni kingine. Tumevichanganya mno.

SONG walichofanya baada ya kuhesabu ni kuuliza, na hapo ndipo kazi yao inanivutia. Dodoso lilipita duru tatu. Duru ya kwanza ilijazwa na watu 1,181 kutoka nchi 73. Kati yao wagonjwa na wanaowauguza walikuwa 202, waliobaki ni wataalamu wa afya. Makundi hayo mawili hayakulingana. Wataalamu walitoa alama za juu zaidi kwa kifo, kulazwa, maambukizi, potasiamu. Wagonjwa waliwapita wataalamu kwenye mambo manne: usafishaji kutosha, kule kulegea baada ya kutoka mashineni, muda wa kuwa mbali na mashine, na kuweza kusafiri.

Kusafiri! Nadhani kuna maprofesa walioona ni anasa, mambo ya watu wa meli za kitalii. Simama stendi ya Moshi tarehe 22 Desemba uone. Mabasi ya Dar yanamwaga watu hadi usiku, kila mmoja na mzigo wake, wanapandisha Marangu, Kibosho, Machame, Rombo. Kwa Mchaga, Krismasi isiyoliwa nyumbani haijaliwa. Sasa chukua mzee wa Rombo anayeishi Dar kwa mwanawe na husafishwa huko. Ili aone mgomba wake lazima kwanza apatikane mtu wa kumtafutia kiti cha mgeni kwenye mashine ya Moshi, barua ya rufaa iandikwe, vipimo vya homa ya ini na virusi vya UKIMWI viwe vya karibuni, na gari la kumshusha na kumpandisha katikati ya sikukuu. Kiti kisipopatikana, anabaki Dar na simu ya picha.

Pamoja na hayo, kusafiri hakukuingia kwenye orodha ya mwisho. Baada ya dodoso wagonjwa na wataalamu walikaa pamoja Chicago mwaka 2016, na matokeo ya msingi yaliyokubaliwa, yale ambayo kila utafiti wa majaribio wa usafishaji kwa mashine unatakiwa kuyapima, yakawa manne: uchovu, ugonjwa wa moyo na mishipa, njia ya damu, na kifo. Mimi naikubali orodha hiyo. Orodha ya kumi ingekuwa ni kuturudisha kwenye 81. Na uchovu kuingia pale, sambamba na kifo, ni ushindi wa waliokaa kwenye vile viti, maana maabara haina chupa ya kupimia uchovu, na kisichokuwa na chupa huwa hakihesabiwi.

Ila kukubaliana jina la kitu hakujatufikisha kwenye kukipima. Kwa uchovu SONG wametengeneza maswali matatu mafupi: unachoka kiasi gani, una nguvu kiasi gani, na kuchoka huko kunakuzuia kwa kiasi gani kushiriki mambo ya maisha yako. Maswali mazuri. Sasa yalete Moshi.

Neno la kwanza, kuchoka. Mtaani kwetu mtu "amechoka" maana yake hana kitu: shati limepauka, mfuko mtupu. "Choka mbaya" haina uhusiano wowote na figo. Muulize baba wa Pasua aliyeuza pikipiki kulipia mashine, "Mzee, wiki hii umechoka?" Atakujibu "sana, mwanangu," na jibu lake ni la kweli, ila linahusu pikipiki.

Neno la pili, nguvu. Hapa ndipo mtafsiri wa ofisini anapoanguka kwa kishindo. Kwenye nguzo za umeme, toka Kwa Sadala hadi Ngarenaro, kuna vibao vya waganga vinavyoahidi kurudisha nguvu, na kila mwanaume anajua ni nguvu gani. Binti wa utafiti wa miaka 24 akimuuliza mzee wa miaka 60, mbele ya mgonjwa wa kiti cha pili, kama amepungukiwa nguvu, usitegemee jibu litakalosaidia sayansi. Na la kusikitisha ni kwamba hata hizo nguvu zenyewe huathirika kwa wengi wanaosafishwa damu, na wangependa sana waulizwe kuhusu hilo, ila kwa faragha na kwa kulitaja kwa jina lake.

Halafu kuna adabu. Sisi "habari za leo?" hujibiwa "nzuri" hata kama nyumba inaungua. Habari yenyewe huja baada ya "ila". Kuna sista mmoja kwenye wadi ya mama mdogo, wa siku nyingi, anayejua kungoja. "Mama, umeamkaje?" "Nzuri, sista, namshukuru Mungu." Sista anaendelea kufunga mkanda wa presha, hasemi kitu, hana haraka. Inapita kama robo dakika. "Ila hii miguu, sista." Hapo ndipo anapochukua kalamu. Fomu yenye viboksi vinne haijui kungoja "ila". Inachukua "nzuri", inaweka tiki, inaruka swali linalofuata, na mwisho wa mwaka tunasoma kwamba wagonjwa wa Kaskazini hawachoki.

Nimezungumzia Kiswahili kana kwamba kinatosha. Kwa Mmasai wa Longido au Mwiraqw wa Karatu aliyeletwa Arusha, Kiswahili chenyewe ni cha kukopa.

Njia ya damu haina utata mkubwa. Kipimo kilichopendekezwa ni kuhesabu mara ngapi fistula (hapa ni mishipa ya mkono iliyounganishwa kwa upasuaji ili mashine ipate damu) au katheta (mrija uliotiwa mshipani) imehitaji kushughulikiwa ili iendelee kutumika, na hilo linaweza kuandikwa na muuguzi yeyote kwenye daftari. Ningeongeza tu kwamba mwanamke wa Kilimanjaro mwenye fistula mkononi anaambiwa asibebe mzigo kwa mkono huo, na hajawahi kuambiwa nani atabeba mkungu wa ndizi badala yake.

Moyo ndio mgumu. SONG walichagua vitu viwili kuuwakilisha: mshtuko wa moyo, na kifo cha ghafla kitokanacho na moyo. Cha kwanza kinathibitishwa kwa ECG, kipimo cha umeme wa moyo, na vipimo vya damu, kama umefika hospitali. Cha pili, huku kwetu, hutokea nyumbani usiku. "Alilala vizuri, asubuhi hakuamka." Anazikwa Jumamosi, hakuna upasuaji wa maiti, na kwenye faili panaandikwa kwamba mgonjwa ameacha kuhudhuria. Utafiti wa namna hiyo utatoa moyo safi kabisa.

Lakini dawa ya hili tunayo, na tumeshawahi kuitumia hapa hapa. Katika miaka ya 1990 wilaya ya Hai ilikuwa moja ya maeneo matatu ya mradi wa AMMP wa kufuatilia magonjwa na vifo vya watu wazima, pamoja na sehemu za Dar es Salaam na Morogoro Vijijini. Mtu akifariki, mhojaji alikwenda hadi kwa wafiwa, akakaa, akauliza siku za mwisho zilikuwaje: maumivu wapi, pumzi, uvimbe, alianguka au alilala. Madaktari wakayasoma majibu na kukisia chanzo. Si upasuaji wa maiti, na kisomi ina makosa yake, ila ni mbali mno na kuandika "ameacha kuhudhuria". Kitengo cha kusafisha damu kina wagonjwa wachache, namba za simu za ndugu zao ziko kwenye faili. Mtu mmoja na nauli ya kwenda Machame na kurudi ingetosha.

Na Kaskazini hatuko mikono mitupu kwenye utafiti wa figo. Utafiti wa jamii uliofanyika Moshi na kuchapishwa 2015, kwa ushirikiano wa watafiti wa hospitali ya KCMC ya hapa Moshi na Chuo Kikuu cha Duke cha Marekani, ulikuta ugonjwa sugu wa figo kwa asilimia 7.0 ya watu wazima, mjini asilimia 15.2 na vijijini asilimia 2.0, huku karibu nusu ya wenye ugonjwa huo wakiwa hawana presha, kisukari wala VVU vya kueleza ulikotoka. Kuhesabu wagonjwa tunaweza.

Sasa nifike ninapotaka kufika. Orodha ya manne ina dhana moja iliyojificha chini yake: kwamba mgonjwa amefika mashineni. Sydney na Chicago dhana hiyo kwa kawaida inasimama. Mgonjwa amepangiwa vipindi vitatu kwa wiki na anavipata vitatu. Hali ya hewa ikichafuka anakosa kimoja. Hapa, mtu asiye na bima anapangiwa vitatu, anaanza na vitatu, mwezi wa nne anashuka kwa viwili, na shule zikifunguliwa anashuka kwa kimoja kwa sababu ada nayo imefika. Sasa mpime uchovu. Amechoka kwa sababu mashine inachosha, au kwa sababu amekaa siku sita na maji na uchafu mwilini? Ukijaribu dawa mpya ya kupunguza uchovu kwa watu hao bila kuandika vipindi walivyokosa, unapima dawa au unapima mshahara wa mtoto wao? Hutajua. Kwa hiyo naona tafiti za huku ziyapime yale manne kama yalivyo, bila kubadilisha nukta, na ziongeze la tano: vipindi vilivyopangwa, vilivyohudhuriwa, na sababu ya kila kilichokosekana. Pawe na njia moja ya kuandika, kwa vitengo vyote.

Nilimweleza hivyo daktari mmoja rafiki yangu, tukiwa tunakunywa chai Kijenge. Akacheka. "Kaka, hilo siyo tokeo, hilo ni sababu. Tokeo ni kinachompata mgonjwa baada ya tiba. Kukosa kipindi ni tiba yenyewe kutofanyika. Ukianza hivyo, kesho Mwanza wataongeza la sita na Mbeya la saba, na makubaliano yamekufa."

Nusu ya pili ya hoja yake ina uzito, na ndiyo maana nasema moja tu, tena juu ya manne na si badala yake. Ya kwanza siikubali. Kwenye karatasi ya mtafiti kipindi kilichokosekana ni sababu. Kwenye ukoo ni tokeo. Ndicho kinachojadiliwa kikaoni siku ya Jumapili, nani amechanga na nani bado, ndicho kinachogombanisha ndugu, na nimemsikia mama mdogo mwenyewe akisema heri akose yeye kipindi kuliko mjukuu arudishwe nyumbani kwa kukosa ada. Tiba inayopunguza vipindi vinavyokosekana, hata kama haijagusa fosfeti wala Kt/V, imemfanyia mgonjwa wa Moshi kitu anachoweza kukitaja. Tukingoja watu wa Chicago walione hilo tutangoja sana, kwao halina uzito kama huku. Ni sisi wa kulipeleka mezani, na wanaosafishwa waende nalo wenyewe, si kuwakilishwa na mimi.

Daktari akasema tuagize chai nyingine. Hakusema nimeshinda.

Ijumaa iliyopita nikayajaribu yale maswali matatu, kwa tafsiri yangu mwenyewe, kwa mama mdogo. Nilingoja hadi mashine imalize saa ya kwanza, presha imetulia. La kwanza, mwili umechoka kiasi gani wiki hii, sijasema "umechoka". Akajibu "kiasi". Nikanyamaza kama sista, nikahesabu hadi kumi na tano. "Ila juzi nilishindwa kufunga kilemba." Nikaandika. La pili nikaliuliza kwa kuzunguka, umebaki na uwezo wa kufanya kazi za mikono kiasi gani, nalo likajibiwa. La tatu nililiona ndilo jepesi kuliko yote.

"Mama, hali hiyo ya mwili imekuzuia kiasi gani kufanya mambo yako ya kawaida?"

Akafikiri. Akautazama mrija ulivyopinda kuelekea kwenye chujio.

"Ya kawaida yapi? Ya kabla sijaumwa, au haya ya sasa?"

Chaguzi zilikuwa nne: hapana kabisa, kidogo, kiasi, sana. Swali lake nimeliandika pembeni, nje ya viboksi, kwa sababu ukichukua kawaida ya zamani jibu ni "sana", na ukichukua ya sasa jibu ni "hapana kabisa", na mtu ni yule yule, siku ile ile, kwenye kiti kile kile.